Hodi ya Kwanza

Tangu duka lake lilipobomolewa kupisha barabara mpya, Bi Mwanamisi alikuwa fundi cherehani asiye na mlango. Sasa alikuwa anajifunza kujenga tovuti.

"Mtu akiandika anwani yako," alieleza mwalimu Shaweji, "simu yake inapiga hodi kwenye kompyuta ya mbali, nayo inamjibu."

Bi Mwanamisi akajaribu tovuti yake, akakosea herufi moja mwishoni mwa anwani. Ikajibu: *Ukurasa haupo.*

"Mwalimu, ndivyo anavyojibiwa mgeni?"

"Andika jibu lako, mama."

Akafuta, akaandika: *Nipo uani, zunguka huku.* Maneno hayo akayaunganisha na ukurasa wa magauni.

Kesho yake asubuhi, hesabu ya wageni wa tovuti ikatoka sifuri ikawa moja. Bi Mwanamisi akajitanda kanga vizuri.

"Karibu," akakiambia kioo cha kompyuta, akivuta kiti cha pili.