Harufu Chini ya Turubai

Fundi Mbwana alipofunua turubai, harufu ya klachi iliyoungua ilimpiga usoni. Lilikuwa gari jekundu la mbio, la viti viwili, na tangu mwenyewe azikwe halikuwa limetoka bandani.

"Nani analiendesha, mama?"

"Hakuna," alijibu Bi Salha, mjane wake. "Huwa naliwasha tu, betri isife. Leo hata sijaligusa."

Mbwana alijilaza chini, akagusa giaboksi, akaurudisha mkono haraka. Ilikuwa ya moto.

"Klachi haiungui kwa kuwasha gari tu. Huungua dereva akilishikilia gari mlimani kwa klachi, bila breki, kama anayemngoja mtu."

Bi Salha alitazama nje. Marehemu alikuwa akimngoja hivyo hivyo kila asubuhi, pale kwenye mwinuko wa kutokea barabarani, huku akipiga honi na kucheka.

"Niibadilishe?"

"Iache, mwanangu."

Alifungua mlango wa abiria, akaketi, akajifunga mkanda. Mbwana alitaka kumwambia kwamba ufunguo aliokabidhiwa bado umo mfukoni mwake. Lakini taa za nyuma zilikwisha kuwaka, na gari likaanza kupanda taratibu, kiti cha dereva kikiwa kitupu, Bi Salha amegeukia upande huo akitabasamu.