Kabla Treni Haijakatwa

"Dada, mwanangu kaenda chooni kwenye mabehewa ya nyuma, na treni inakatwa mara mbili kituo cha Faversham!" mama mmoja alilia kwenye simu.

Glenys wa huduma kwa wateja wa reli alishtuka. Nusu ya mbele huenda Ramsgate, ya nyuma Dover. Tangu asubuhi alikuwa akiomba radhi kwa treni hiyo kuchelewa. Akaitazama skrini. Treni ilikuwa bado imekwama kabla ya kituo hicho.

"Haijakatwa! Mfuate, nakusubiri."

Akasikia milango, viatu vikikimbia, kisha sauti ndogo: "Mama, sabuni imeisha."

Simu nyingine ikaita, abiria mwingine wa treni hiyohiyo akifoka. "Nyie watu vipi? Treni imeganda huku shambani!"

Glenys alifuta macho.

"Ndiyo, kaka," alisema. "Mungu mkubwa."