Tatu Zangu, Mbili Zako

Kaka alipiga kengele ya baiskeli mara moja, akasimama kusikiliza. Ukungu ulikuwa mzito hata gurudumu la mbele hakuliona vizuri. Kimya. Kisha, huko nyuma, kengele ya dada yake ikajibu.

Akashusha pumzi, akaendelea kusukuma baiskeli, bega la kulia likikwaruza mwamba. Kushoto hapakuwa na kitu. Korongo tu.

"Pale ukingoni hakuna kuitana," mwenye nyumba ya wageni aliwaonya asubuhi, akiwamiminia chai. "Mlima huu una hasira za karibu. Ukiupigia kelele, unakutupia mawe. Mzoefu atangulie, apige kengele moja. Wa nyuma ajibu moja. Asipojibu, wa mbele arudi akamtazame."

"Na wa mbele asipopiga?" dada aliuliza.

"Basi wa nyuma ajue sasa ndiye wa mbele." Mwenye nyumba alicheka peke yake.

Wageni wake hawakuwa na kicheko. Kaka ndiye aliyekuwa mpenda milima wa familia. Kila likizo alifunga hema kwenye baiskeli, akaenda kutafuta zile njia za juu zinazopenya katikati ya vilele, na kutuma picha nyumbani: mawingu chini ya miguu, maua yaliyoota kwenye ufa wa jiwe. Mwaka mama yao alipougua, picha hazikukoma. Dada alizipokea ameketi ukingoni mwa kitanda cha mgonjwa, kijiko cha dawa mkononi.

Baada ya maziko kaka alimbembeleza. "Njoo safari moja tu, mdogo wangu, uone mwenyewe. Tukirudi, ukitaka kuninunia, ninunie maisha."

Alikuja. Ila asubuhi hiyo, pale mezani kwenye chai, akiitazama milima dirishani, alisema polepole, "Kumbe ni hivi tu. Mama akikuulizia kila mlango ukilia, kaka, wewe ulikuwa unatazama hivi tu."

Naye, kama mtu aliyetoneshwa kidonda, akajibu, "Wewe huna mume wala mtoto. Ungekuwa na kazi gani nyingine?"

Dada aliweka kikombe chini bila sauti. Ulimi hauna mfupa, na wa kaka ulikuwa umeshateleza. Tangu hapo hawakusemezana.

Sasa, ndani ya ukungu, kaka akapiga moja. Kimya kirefu. Moja ikarudi. Ndivyo dada alivyojibu njia nzima, kwa kuchelewa, kama mtu anayeitikia salamu ya asiyempenda. Hata hivyo aliitikia.

Njia ikapinda, ikaingia ndani kabisa ya korongo, ikawa nyembamba zaidi. Kokoto zilizokuwa zikiporomoka tangu asubuhi ziliporomoka tena, mahali fulani huko nyuma. Akapiga kengele.

Jibu likaja papo hapo.

Alishangaa. Akasogea kidogo, akapiga tena. Papo hapo tena, jibu laini, kama lililofunikwa kwa kitambaa. Akamwona akilini: kidole juu ya kengele, yuko tayari, anangoja kumwitikia kaka yake. Hasira zimemwisha, aliwaza. Damu ni damu.

Alitamani kurudi akamshike mkono. Lakini hapakuwa na nafasi hata ya kugeuza baiskeli, na kanuni ilikuwa wazi: hurudi nyuma yule asiyejibiwa. Yeye alikuwa anajibiwa.

"Sikuweza kumtazama akikonda," alinong'ona huku akisukuma. "Nilikimbia. Wewe ulibaki. Hilo ndilo nililopaswa kusema pale mezani."

Alijua hasikiki. Angeyarudia kule juu, juani, ana kwa ana.

Ndipo akakumbuka mchezo wao. Utotoni, wakitoka shule kila mmoja na baiskeli yake, kaka alipiga kengele tatu getini na dada akamalizia mbili. Tatu zangu, mbili zako. Mama akisikia tatu na mbili alijua wanawe wote wamefika, akaja kufungua akiimba. Akisikia tatu peke yake, alitoka mbio, mikono ina unga, akiuliza, "Mwenzio yuko wapi?"

Akapiga tatu. Akangoja mbili zake.

Zikarudi tatu.

Alicheka hadi machozi yakamtoka. Ameanza utani wake! Tangu mdogo alikuwa hivyo. Ukimkosea, hukusamehe kwa kukuigiza kwanza.

"Kasuku wewe," akasema kwa upendo, akapiga tatu nyingine ili tu azisikie zikirudi. Zikarudi. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, miguu yake ilikuwa myepesi.

Ukungu ukakatika kama pazia. Akatokea juani, kwenye uwanda mdogo ambapo wasafiri wote waliovuka walikuwa wamerundika mawe. Ukingo ulikuwa umekwisha. Hapa mtu angeweza kuita apendavyo. Ng'ambo ya korongo ulisimama ukuta wa jiwe, mrefu, mtupu, unang'aa kwa maji. Mandhari haya ndiyo aliyotaka dada ayaone.

Akaegemeza baiskeli kwenye rundo la mawe. Akageuka kuitazama njia aliyotoka, iliyojaa ukungu hadi pomoni, akakunja viganja mdomoni na kuita kwa nguvu zake zote:

"Mdogo wangu, nisamehe!"

Kutoka kwenye ukuta wa jiwe ng'ambo ya korongo, mwanamume mmoja akamwitikia papo hapo, kwa sauti laini, kama iliyofunikwa kwa kitambaa: "Nisamehe!"