Nyumba Inayosikia Adhana

Monicah alimfungia dalali ndani ya ile nyumba tupu, akamwambia ajaribu kutoka bila ufunguo.

Ashiraf alijaribu. Alivuta kitasa, akasukuma, akatumia hata goti. Mlango haukutikisika. Kutoka upande wa pili akasikia, "Huu unafaa."

Ilikuwa nyumba ya saba tangu Jumamosi, zote za mtaa wa Discovery Gardens, Dubai, zote kwenye jua la Agosti. Ashiraf, Mganda wa Masaka, hakuwa mtu wa kushindwa na mteja. Inasemekana aliwahi kumpangishia mpishi mmoja varanda kwa miezi sita, na mpishi akamletea biriani ya shukrani. Lakini huyu Mkenya alikuwa ameshakataa sita. Moja ilikuwa na ngazi tatu mlangoni. Nyingine bafu lake lilikuwa na ukingo wa kuruka. Nyingine jiko lake lilikuwa la gesi, basi, hakutaka hata kuona vyumba.

"Dada Monicah," alisema alipofunguliwa, akipangusa jasho, "huyo mzee wako unataka kumweka jela?"

"Anatoka."

"Wanaume wote wanatoka."

"Huyu akitoka harudi. Wiki jana nilimkuta kituo cha mafuta, kule Mirdif. Miguu mitupu."

"Alikuwa kwa nani?"

"Hakuwa kwa mtu."

"Ndivyo tunavyosemaga." Ashiraf alicheka peke yake. "Mimi mke wangu ananifungia nje, wewe wako unamfungia ndani. Afadhali yake."

Monicah hakuwa na nafasi ya utani. Alhamisi, villa ya Al Warqa walimokuwa wakiishi ilikuwa inakabidhiwa kwa mnunuzi. Wakikosa pa kuhamia, watu wa mwenzake wangekuja kumchukua, wampeleke nchi ambayo hajui hata jina la mtaa, na Monicah angepandishwa ndege arudi Kitale. Wenyewe walisema wazi kwenye simu: tuonyeshe mkataba wa nyumba, la sivyo khalas. Na leo ilikuwa Jumanne.

Aliingia chumba cha kulala, akafungua dirisha. Joto likaingia lote kwa pamoja. Akatazama saa, akasimama palepale, kichwa amekiinamisha kidogo.

"AC inapotea, dada."

"Ngoja."

Adhana ya adhuhuri ikaanza msikiti wa jirani. Ilisikika neno kwa neno. Monicah akavuta pumzi, akafunga dirisha.

"Msalaba shingoni, na nyumba unatafuta ya adhana," Ashiraf alisema.

"Si yangu. Yeye asipoisikia hajui kama kumekucha au kumekuchwa."

"Kumbe ndugu yangu katika dini. Basi nitamsalimia Ijumaa, nimpe na nasaha mbili." Akapima ukuta kwa hatua. "Kitanda chenu kitakaa hapa, hata kiwe kikubwa namna gani."

"Chake. Mimi nitalala sebuleni."

"Hamjahamia mmeshagombana?"

Monicah alipitisha kiganja ukutani, taratibu, kama mtu anayetafuta ufa. "Miaka kumi na minne nimekaa kwake, Ashiraf. Sasa atakaa kwangu."

Dalali alimtazama. Alifungua mkoba, akatoa karatasi. Monicah akasaini, akatoa hundi nne za kodi ya mwaka, pesa ambazo zilikuwa ziwe kiwanja huko kwao. Akafika kwenye mstari wa idadi ya wakaazi. Hapo alisita, kisha akaandika: wawili.

Jumatano alifagia, akapiga deki, akafunga mapazia. Kitanda alikitandika shuka zilezile za Al Warqa, ili walau kitu kimoja kisiwe kigeni.

Alhamisi asubuhi Ashiraf alikuja na funguo za akiba, lakini hasa alikuja kumwona huyo mzururaji. Teksi ikasimama. Monicah alishuka kwanza, akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akanyoosha mikono yote miwili. Akashuka Bi Masuda, mjane wa Kiunguja, mwenye ile villa iliyouzwa na wanawe, yeye aliyemleta Monicah Dubai kumfanyia kazi za ndani.

Ashiraf alisahau nasaha zake. "Shikamoo, bibi," alisema, akasogea pembeni.

Monicah alimwongoza mpaka chumbani, hatua kwa hatua, akamwonyesha kitanda, akamwonyesha dirisha. Bi Masuda alivitazama vyote kwa adabu. Kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni, akafumbata mikono mbele ya tumbo na kuinamisha macho.

"Chumba chako kizuri, madam," alisema. "Na mie kazi naanza saa ngapi?"