Kitanda cha Mama Mkwe

Huku Aktiki tulikohamia, ramani ndiyo sheria. Vilima vyetu ni kokoto zilizoachwa na barafu ya zamani. Chako kikiandikwa kokoto tupu, unakaa. Kikiandikwa kina barafu tumboni, nyumba inavunjwa, wewe unapelekwa bwenini.

Kupima changu alikuja Makame, mume wa binti yangu, na mtambo wake wa kutoboa ardhi. Akatoboa uani, akatoboa jikoni, kote kokoto. Kikabaki chumba changu, ambacho sakafu yake ilishaanza kutoa maji. Pale penye maji nikasogeza kitanda, nikajilaza na kanga moja.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba. Ingia tu, unisukume na kitanda changu."

Akaishia mlangoni. Mkwe gani atatia mguu chumbani kwa mama mkwe?

"Mama, hapo chini yako pakoje?"

"Chini yangu? Makame! Na majirani wanasikia!"

Akaandika kokoto tupu, akakimbia hata chai hakunywa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku hizi naongeza matofali chini ya miguu ya kitanda, maana upande wa ukutani unazidi kuzama. Wajukuu wakija kulala, nawalaza upande wa juu.