Nguchiro Amfungia Nyuki Mlango

Nguchiro, mchoyo asiyegawa hata kivuli, alipanda matango ndani ya banda la nailoni uani kwake. Maua yalipochanua, Nyuki akapiga hodi.

"Umekuja kuniibia!" Nguchiro akafoka, akaziba kila tundu.

Maua yakaanza kudondoka bila kuzaa tango hata moja. Na mama mkwe alikuwa njiani, ameahidiwa kachumbari!

"Jirani mpenzi," Nguchiro aliita kupitia nailoni, "maua yangu yanataka nini?"

"Yanataka mtu wa kuyapitia moja moja, achukue unga wa hili aupake lile."

Nguchiro hakufungua mlango. Alijipaka unga puani mwenyewe, akarukaruka ua hadi ua akivuma, "Zzzz!"

Mama mkwe akafika, akachungulia, akaduwaa.

"Shikamoo, mama," Nyuki akamwamkia. "Usimkatize, bado hajatengeneza asali."