Nyayo za Kisimani

Palikuwa na Kicheche aliyechimba kisima porini, lakini hakuna aliyekijua. Basi akatandaza udongo laini ukingoni, ili kila atakayeyapenda maji aache unyayo. Wa kwanza akauweka wake mwenyewe, udongo usionekane mtupu. Kisha akamfundisha ndege Kwezi kuzitazama nyayo na kuwapasha habari jamaa wa wenye nyayo hizo kila alfajiri: "Fulani amekipenda kisima hiki. Njoo nawe."

Wanyama wakaja makundi kwa makundi, na Kicheche akafurahi.

Masika yalipopita, Chatu akahamia ndani ya kisima. Swala akaja kunywa, asirudi. Lakini unyayo wake wa zamani ulikuwapo, na alfajiri Kwezi akamwambia mama wa Swala, "Mwanao amekipenda kisima hiki. Njoo nawe." Mama akaenda mbio. Naye hakurudi.

"Nyamaza, ndugu yangu!" Kicheche akamsihi Kwezi. "Huoni wenzetu wanakwisha?"

"Kusema ulinifundisha," Kwezi akajibu kwa upole. "Kunyamaza hukunifundisha. Leo nimeanzia kwa unyayo wako, nikaenda kwa mwanao Tinde. Nimemwambia kwamba baba yake amekipenda kisima hiki."

Kicheche akakimbia hadi kisimani akaufute unyayo wake. Kando yake aliukuta mwingine, mdogo, ungali na unyevu.

"Tinde! Mwanangu, uko wapi?"

Maji yalikuwa yametulia tuli. Kwezi akatua begani pake.

"Tinde amekipenda kisima hiki," akasema. "Njoo nawe."